Maji ya jirani wa juu

Watu wa Bukavu, mji wa vilima kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, tuna misimu miwili tu: wa kujenga na wa kusubiri. Kiangazi kinaanza Juni, na ikifika katikati ya Agosti vumbi jekundu limeshaingia mpaka kwenye kopo la sukari. Septemba mvua inarudi, na kuanzia hapo hadi Mei ndiyo inayotupangia saa ya harusi, ya kuzika na ya kwenda sokoni. Kwa hiyo Agosti ndio mwezi wa mwisho ambao mwenye nyumba anaweza kupanda juu ya bati bila kuteleza, kuchimba bila tope kumrudia shimoni, na kuacha saruji ikauke kwa utaratibu wake. Ndio pia mwezi ambao hana pesa.

Hilo la pesa nalisema mapema kwa sababu kila anayetoa ushauri wa nyumba huwa analiruka. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Kuna minervali, yaani ada ya shule, kuna sare ya buluu na nyeupe, kuna viatu, na mtoto wa mwisho amekua kuliko kaka yake kwa hiyo hata kurithishana haiwezekani. Ukuta wenye ufa unasimama foleni nyuma ya madaftari. Mama yeyote wa Kadutu, komuni ya mji wetu, atakwambia hivyo, na ana haki. Ndiyo maana kwangu kazi za Agosti zinaanza na zile zinazotaka jasho peke yake: kuzibua, kufagia, kuchimba, kuongea na watu. Za kununua vitu zinafuata, zikipata kitu.

Kuongea na watu ndiyo ngumu kuliko zote.

Nianze na hesabu, maana bila hesabu majirani hawaamini. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita mraba moja inatoa lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida ya huku kwetu, mita sita kwa kumi, paa la mita mraba sitini. Mvua nzito ya alasiri moja inaweza kufika milimita 30. Hiyo ni lita 1,800, yaani mapipa tisa ya lita 200 yaliyojaa hadi mdomoni, yote yakimwagwa ndani ya muda usiozidi ule wa kupika fufu na sombe. Kwa mwaka mzima, hata tukihesabu milimita 1,300 tu, paa hilo moja linateremsha karibu lita elfu themanini. Sasa panga nyumba kumi kama hiyo juu ya mteremko mmoja, moja juu ya nyingine, kila moja ikimwaga yake nyuma ya ukuta wa inayofuata. Wa mwisho chini anapokea nini?

Mimi si wa mwisho chini, lakini nimo kwenye mstari huo.

Mji wenyewe ulipangwa kwa watu wachache. Zamani ukiitwa Costermansville, Wabelgiji walikaa kwenye rasi zinazoingia ziwani, La Botte, Muhumba, Nguba, na wafanyakazi wakawekwa Kadutu na Bagira. Miteremko mikali ilibaki na majani yake. Sisi tumeijaza. Sisemi kwa kulaumu. Mtu aliyekimbia kijiji kwa sababu ya bunduki hachagui pembe ya mteremko. Lakini udongo haujui sababu zetu. Ni udongo wa mfinyanzi mwekundu uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu, na una tabia mbili mbaya zinazofuatana. Kiangazi unasinyaa na kupasuka, nyufa ambazo mkono unaingia. Mvua za kwanza zinaingia moja kwa moja kwenye nyufa hizo, zinakwenda chini kabisa, na udongo unaanza kuvimba na kuteleza kutokea ndani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ya Agosti haina gharama: zunguka nyumba na parsele (kiwanja) yako, tafuta nyufa za ardhini, hasa zile zinazokatiza mteremko kwa upana, upande wa juu wa nyumba na kwenye ukingo wa parsele. Zifukie kwa udongo wenyewe, uushindilie kwa mguu na kwa gogo. Usitie mchanga wala kokoto, maana hivyo vinakaribisha maji. Ufa uliourudishia udongo mwaka jana ukiukuta umefunguka tena mahali palepale na upande wa chini umeshuka kidogo kuliko wa juu, hapo tena si suala la kiangazi. Ardhi yako inatembea, na hiyo ni habari ya kumwita mtu anayejua.

Kutembea kwa ardhi si maneno ya kutishana. Funu, pale pale Kadutu, mtaa mzima umekaa juu ya poromoko kubwa linaloteremka polepole mwaka hadi mwaka. Watafiti wamelifuatilia kwa picha za zamani zilizopigwa kutoka ndege na za setilaiti za siku hizi, wakaona kwamba mji wenyewe unachangia kuongeza mwendo, kwa jinsi nyumba na njia zinavyobadilisha mapito ya maji. Watu wa Funu walijua kabla ya setilaiti. Milango yao ilikuwa imeshaacha kufunga.

Mlango unaokwama ni kipimo kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ukikwama msimu wa mvua na kuachia kiangazi, ni mbao inayovimba, acha. Ukianza kukwama katikati ya kiangazi, angalia fremu, halafu angalia ukuta juu ya pembe ya mlango. Ufa mwembamba ulionyooka kwenye plasta mara nyingi ni wa plasta tu. Ufa unaopanda kimshazari kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, unatoka kwenye msingi. Nyumba nyingi za hapa zina nyufa za tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, na wenyewe wamezizoea kiasi cha kutundikia kalenda juu yake. Ondoa kalenda. Chukua penseli, chora kamstari mwishoni mwa ufa pande zote mbili, andika tarehe pembeni. Pakaza tone la saruji au jasi kukatiza katikati ya ufa. Likipasuka kabla ya Noeli, ufa uko hai. Lisipopasuka, rudisha kalenda yako.

Sasa nije kwa jirani yangu wa juu.

Nilipanda kwake jioni moja, nikamkuta kwenye kibaraza anasikiliza redio. Ni mzee wa kuheshimiwa, kwa hiyo tulianza na afya, watoto, bei ya maharagwe. Halafu nikasema:

«Papa, maji ya paa lenu yananishukia nyuma ya chumba cha watoto.»

«Maji ni ya Mungu, mama.»

«Maji ni ya Mungu, Papa. Bati ni lenu.»

Akacheka, nami nikajua tunaweza kuongea. Alieleza kwamba yeye naye anapokea ya wa juu yake, na wa juu yake ya wa juu zaidi, na kwamba alipojenga hapo miaka ile hapakuwa na mtu chini, maji yalikwenda kwenye majani. Ana ukweli wake. Lakini kuna kanuni ya zamani kwenye sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804, ambayo Wabelgiji nao waliirithi, na naiona ina akili hata kwa mteremko wetu: kiwanja cha chini kinapaswa kupokea maji yanayoteremka yenyewe bila mkono wa mtu, lakini maji ya paa mwenye paa anapaswa kuyaelekeza kwenye kiwanja chake au barabarani, si kwa jirani. Yaani mteremko ni wa asili, paa ni la mtu. Sikumsomea mzee sheria, ningeharibu jioni. Nilimwambia tu hesabu ya mapipa tisa, na kwamba mapipa hayo yakinibomoa, ukuta wake wa chini unaegemea kwenye udongo wangu.

Hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Watu wa juu hudhani wa chini ndio walio hatarini. Kwenye mteremko ni kinyume mara nyingi: wa chini akichimba mguu wa kilima ili apate chumba kimoja zaidi, au ukuta wake ukianguka, wa juu anabaki ananing'inia. Tunashikiliana, tupende tusipende.

Tukakubaliana gutieri. Yeye anaweka bati la kupokea maji pembeni mwa paa, mimi nachangia bomba la kuteremshia hadi kwenye kanivo, mfereji wa maji wa njia, bila kuacha hata futi moja ya maji kumwagika hewani. Kuna kosa ambalo mafundi wetu wanalipenda: wanaweka gutieri nzuri, halafu bomba linaishia mita moja juu ya ardhi. Maji yote ya paa, badala ya kudondoka kwa upana wa mita kumi, sasa yanapiga sehemu moja kwa nguvu. Mwezi mmoja wa hivyo unachimba shimo, miezi mitatu inachimba korongo. Afadhali paa lisilo na gutieri kuliko gutieri isiyofika mahali.

Kosa lingine, na hili linatoka kwenye vitabu vya watu wanaoishi tambarare, ni shimo la kunyonyea maji. Pale ambapo ardhi ni sawa, kuchimba shimo, kulijaza mawe na kulielekezea maji ya paa ni jambo la busara. Kwenye mteremko wetu ni kuyapeleka maji ndani kabisa, kule ambako udongo unaanza kuteleza. Maji ya kilimani yanatakiwa yakae juu ya ardhi, ndani ya mfereji wenye sakafu ngumu, yaende polepole na yafike chini. Na kama una tangi, yaingie kwenye tangi. Bomba la mjini linapokauka wiki nzima, mvua ndiyo bomba letu. Ila mvua ya kwanza ya Septemba iache ipite, inaosha vumbi la miezi mitatu na mavi ya ndege. Kabla ya hapo ingia ndani ya tangi ulisugue, ungali mkavu.

Ukuta wa kuzuia udongo unahitaji maneno marefu kidogo, kwa sababu nyumba nyingi za Bukavu zinasimama kwa hisani ya ukuta huo, na watu wanauangalia kwa mbele tu. Ukuta hauangushwi na udongo mkavu. Unaangushwa na maji yaliyokusanyika nyuma yake yakakosa pa kutokea. Yanausukuma kwa uzito ambao fundi hakuuhesabu. Ndiyo maana ukuta wa mawe yaliyopangwa vizuri bila saruji unaweza kuwazika wajenzi wake na bado umesimama, wakati ukuta mpya wa zege, mzito na mzuri, unalala chini mvua ya tatu. Ule wa mawe unavuja kila mahali. Ule wa zege ulihitaji matundu, vipande vya bomba la plastiki vilivyopenya hadi nyuma na kokoto nyuma yake, na mwenye nyumba aliviona vinaharibu sura.

Agosti chukua kipande cha nondo, ingiza kwenye kila tundu, zungusha, toa udongo na viota vya wadudu. Tundu ambalo mwaka jana lilitoa maji safi na mwaka huu halitoi kitu wakati mengine yanatoa, limeziba. Tundu linalotoa maji yenye rangi ya udongo ni baya zaidi, kwa sababu ukuta wako unamwaga matumbo yake polepole. Ukuta ukiwa na tumbo mbele, usiuongezee kitu juu, hata maua. Na kama hauna matundu kabisa, kutoboa ni kazi ya masoni, si ya kijana mwenye nyundo na haraka.

Juu ya ukuta, panda majani. Majani ya tembo yanashika udongo vizuri, na mbuzi wa jirani watakushukuru. Migomba haishiki kitu, mizizi yake iko juujuu na shina lake ni maji matupu, ingawa kila ukingo wa Kadutu una mgomba. Mti mkubwa unaotikiswa na upepo karibu na ukuta ukate, lakini kisiki kiache ardhini. Mizizi itaendelea kushika miaka michache, muda wa kutosha wa majani kukua. Nimeona watu wanang'oa kisiki kwa ajili ya kuni wakafungua mlango wa maporomoko kwa mikono yao.

Binamu yangu yuko Liège, Ubelgiji, na kila Oktoba ananitumia sauti ndefu za kulalamika. Huko majani ya miti yanaanguka yote kwa pamoja, yanajaza gutieri, lazima apande ngazi. Anafunga bomba la bustani na kulimwaga maji yote kabla ya baridi, kwa sababu maji yakiganda yanaongezeka karibu sehemu moja ya kumi, na bomba la shaba linapasuka. Anaita fundi wa kuangalia mashine ya kupasha nyumba joto. Tulikuwa tunachekana: yeye anaogopa maji yanayosimama, mimi naogopa yanayotembea. Lakini Julai 2021 mto Vesdre ulifurika ukabomoa nyumba katika miji ya jirani na kwake, na tangu hapo anauliza habari za kanivo yangu kwa sauti nyingine.

Paa nitalipitia haraka, kwa sababu kila fundi analijua na kila mwenye nyumba anadhani ndilo peke yake linalohitaji kazi. Bati linatanuka mchana wa jua na kusinyaa usiku, na miezi mitatu ya hivyo inavuta misumari kutoka kwenye mbao. Msumari uliolegea usiugonge tena kwenye tundu lilelile. Weka mwingine pembeni, kwenye mgongo wa wimbi la bati, ukiwa na mpira chini ya kofia, na tundu la zamani uzibe kwa lami. Angalia kama mbao za paa zimefungwa kwa waya kwenye ukuta, kwa sababu mvua za Septemba zinatanguliwa na upepo, na upepo unaingia chini ya bati na kuliinua. Wale wanaobebesha paa mawe na magunia ya mchanga wanatibu ugonjwa kwa ugonjwa. Siku upepo ukishinda, jiwe linaingia kitandani. Na kwa kuwa huku wengi tunaishi kwenye nyumba za mbao zilizobanana, ukiwa juu huko angalia nyaya za umeme zinazogusa bati na mbao. Kiangazi ndicho kinachounguza Kadutu, na waya uliochubuka ukilowa una hatari yake nyingine.

Kanivo ya njia ni ya wote, kwa maana nyingine si ya mtu. Kila baada ya mvua mbili imejaa chupa za plastiki, mifuko, nguo kuukuu, mara moja godoro. Tunafanya salongo, usafi wa pamoja, Jumamosi, tunatoa taka, tunazirundika ukingoni, na mvua inayofuata inazirudisha ndani. Zile zinazotoroka zinateremka na mito ya mjini hadi ziwani, na kutoka ziwani zinaelea hadi mdomo wa mto Ruzizi unaotoka ziwani, zinakwama kwenye bwawa la Ruzizi I na kusumbua mashine zinazotupa umeme. Kwa hiyo chupa niliyoitupa kwenye kanivo inaweza kunizimia taa nyumbani. Mimi nashikilia sharti moja kwenye salongo yetu: taka haitolewi mpaka gari au mkokoteni wa kuibeba uwepo. Nimeshaitwa mkorofi kwa ajili hiyo, na shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, ananiona nikija anageuza njia.

Na tusijidanganye kwamba Septemba tukiivuka tumepona. Udongo unahifadhi. Unakunywa Oktoba, Novemba, unakunywa tena Machi, na ikifika Aprili na Mei hauna nafasi hata ya glasi moja. Maafa ya mafuriko na maporomoko ya Kalehe, kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, yaliyoua watu zaidi ya mia nne, yalitokea Mei 2023, mwishoni kabisa mwa msimu, wakati watu wameshaanza kuzungumzia kiangazi. Ndiyo maana kazi ya Agosti iliyofanywa kwa haraka na saruji isiyomwagiliwa maji wiki nzima haifiki mbali. Fundi akimaliza kupiga plasta asubuhi akaondoka, ni wewe utakayeilowesha asubuhi na jioni na kuifunika magunia, maana jua la Agosti linaikausha kabla haijashika.

Mzee wa juu ameshaweka gutieri yake. Bomba tunalisubiri, langu nimelipa nusu. Tatizo lililobaki ni nyumba ya juu kabisa, yenye paa kubwa kuliko zote na kibaraza cha zege ambacho nacho kinamwaga. Mwenyewe yuko Kinshasa. Mpangaji anasema yeye analipa kodi ya vyumba, mvua haimo kwenye mkataba. Nimemtumia mwenye nyumba picha ya ufa wenye penseli na tarehe, pamoja na sauti ya dakika nne ambayo mume wangu amesema ni ndefu mno. Ameisikiliza, alama mbili za buluu zimeonekana, hajajibu. Mvua ikimtangulia, mimi na mzee tumeshakubaliana: tutapanga magunia ya mchanga na kuyageuza maji ya paa lake yapite katikati ya njia ya miguu, mbele ya mlango wa shefu wa avenyu.